Mkebe Wangu wa Mafuta Urudishwe Jikoni

Hezekiah Kiunga,
Mkulima wa ndizi na mzee wa kanisa,
Mitunguu.

Kwa Mama Gatwiri,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama cha Kujaza Jiko.

Mama Mwenyekiti,

KUH: MAFUTA YALIYOTOLEWA JIKONI KWANGU BILA MIMI KUULIZWA

Ninakuandikia kwa heshima nyingi na kwa tumbo lisiloridhika. Mimi ni mume wa Igoki, mwanachama wenu niliyemwoa kutoka Kanja kule Embu. Desturi ya kikundi chenu naijua, na nimeitetea hata mbele ya wanaume wenzangu: kila mwezi mnamwendea mwanachama mmoja, mkiimba, viondo mgongoni, mkamjazia jiko. Zamu yetu tumeingoja tangu mwaka jana. Siku ilipofika nilifyeka nyasi, nikapanga viti, nikavaa koti. Nilitarajia unga, sukari, majani chai na mkebe mkubwa wa mafuta meupe ya kuganda, kama ule mliompelekea Mama Kathuri.

Kumbe kabla ya zamu yetu mlikuwa mmefundishwa kanisani na Susan, yule binti wa lishe wa zahanati. Badala ya kulijaza jiko, mlianza kwa kutoa vilivyokuwamo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ninaumwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mkebe wenyewe. Ulikuwa umefika nusu, na kijiko changu kilikuwa ndani. Wewe mwenyewe, Mama Mwenyekiti, uliubeba ukatoka nao nje, ukapaka gurudumu la toroli langu mafuta huku wenzako wakipiga vigelegele. Toroli hilo lilikuwa likilia, na kwa kilio chake nilijua mke wangu yuko wapi shambani na atafika saa ngapi. Sasa linapita kimya kama mwizi. Mara mbili Igoki amenikuta nikiongeza chumvi.

2. Chupa. Mlituachia chupa tatu, na kila moja ina wadhifa wake kama sisi wazee wa kanisa. Ya alizeti ni ya kupikia kila siku, ya avokado ni ya moto mkali, na ya zeituni ni ya kunyunyizia mboga zikishaiva. Mimi sikuelezwa. Nilitia ile ya zeituni kwenye sufuria iliyokuwa imeshika moto sana, nyumba ikajaa moshi, na jirani yangu Mbae akaja mbio na ndoo ya maji. Tena hata chupa iliyo sahihi haimiminwi. Igoki anapima kwa kijiko cha chai. Muthere wetu wa mahindi na maharagwe sasa unapikwa kwa kitunguu, nyanya na dania, na nikiuliza mafuta yako wapi naambiwa yamo. Mtoto anayepelekwa kanisani hupakwa mafuta mengi kuliko chapati yangu. Nilikimbilia hoteli ya Njura pale sokoni nikidhani nitapona njaa, nikakuta alizeti. Mke wa Njura ndiye mweka hazina wenu.

3. Avokado. Miti yangu mitatu huzaa mpaka matawi yanainama, na matunda yanayoanguka nimekuwa nikimpa ng'ombe. Leo naletewa mafuta ya matunda hayohayo katika chupa ndogo kama dawa ya kikohozi, na naambiwa niyaheshimu. Susan, aliyekuja nanyi siku hiyo, alisema kwamba ng'ombe wangu amekuwa akila vizuri kunishinda. Akina mama walicheka. Ng'ombe hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo.

4. Uchumi wa Meru yote. Hili nadhani hamkulifikiria. Mkebe wa mafuta ukiisha haufi, unakuwa gorogoro na kwenda sokoni kupimia maharagwe na mahindi. Majiko yote yakihamia kwenye chupa, gorogoro zilizopo zitashika kutu na mpya hazitakuja. Bila gorogoro tutapimia nini? Je, tutayapitisha maharagwe kwenye shingo ya chupa, moja baada ya jingine? Soko litasimama. Soko likisimama hakuna karo. Bila karo watoto hawatasoma, na wasiposoma hakuna atakayekuwa afisa wa lishe. Yaani Susan anakata tawi alilokalia, na ninamhurumia kwa kuwa bado ni msichana mdogo.

5. Ushahidi. Mnasema mafuta ya kuganda yanaudhuru moyo. Kaka yangu mkubwa Mwirigi ameyala tangu ujanani. Aliyapaka kwenye viazi vitamu, aliyatia kwenye uji, na wakati wa baridi aliyachota mkebeni kwa kidole. Hajawahi kulalamika. Ni kweli kwamba mwezi wa nane alianguka shambani kwake akalazwa, na tangu atoke hospitalini anaishi kwetu na Igoki ndiye anayemlisha. Lakini lile lilikuwa jua. Hakuwa amevaa kofia. Nimemuuliza mara nyingi kama ni mafuta yaliyomwangusha, na hata siku moja hajasema ndiyo.

6. Koti. Kwa kuwa mimi na Mwirigi ni wa baba mmoja na mama mmoja, Susan alitoa mashine yake pale uani akataka kunipima presha. Akaniomba nivue koti. Mama Mwenyekiti, mzee wa kanisa havui koti mbele ya uwanja mzima wa wanawake, ambao wengine wao amewafundisha shule ya Jumapili. Nilikataa, na Susan akairudisha mashine mkobani. Igoki alisema kitu kwa Kiembu ambacho sitakiandika hapa, akaingia ndani. Tangu siku hiyo ananiandalia chakula kisha anakaa upande wa pili wa meza akinitazama ninavyopumua. Hakuna mtu anayeweza kula hivyo.

Kwa sababu hizo naomba mkebe urudishwe, ukiwa umejaa, na kijiko changu kiwe ndani. Gurudumu la toroli lioshwe kwa sabuni mpaka lilie tena. Kila mwanamume wa Mitunguu aruhusiwe kuwa na mkebe mmoja usioguswa na kikundi chochote, uandikwe jina lake, na akifa urithiwe na kifungua mimba wake. Mwisho, kwa kuwa Susan anapenda sana kutibu watu, ahamishiwe mahali penye wagonjwa. Hapa kwetu hakuna.

Nisalimie mzee wako, ambaye nasikia mshipi wake umetobolewa tundu jipya. Nisalimie Mama Kathuri, mke wa Njura na akina mama wote walioimba uani kwangu, maana kuimba waliimba vizuri. Hata Susan msalimie, lakini baada ya wengine wote.

Ni mimi, mwenye njaa na mwenye imani,

Hezekiah Kiunga.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshatia bahasha gundi, nikaona si haki kumtaja shahidi bila kumsomea. Nikaifungua, nikakaa kitandani kwa Mwirigi, nikamsomea yote. Unajua kwamba tangu aanguke mdomo wake hautoi neno. Mimi nimekuwa nikisema kunyamaza ni kukubali. Aliponisikia nikisoma kwamba hajawahi kulalamika, machozi yalimtoka. Akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaushika wangu na kuukaza, na hakuuachia mpaka Igoki alipoingia na uji. Sijawahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika baba. Niliogopa, Mama Mwenyekiti, na bado ninaogopa ninapoandika haya.

Mkebe usirudishwe. Ile chupa ya alizeti imekaribia kwisha, kwa hiyo mkija kumwona Mwirigi mtuletee nyingine. Mwambieni Susan aje na mashine yake. Safari hii nitavua koti.