Umeme Haujakatika, Umepumzishwa

Wakenya wote wa Euless, Texas, na viunga vyake walitangaziwa, asubuhi ile theluji ilipoanza kuanguka, kwamba umeme hautakatika. Tangazo lilitoka kwa Kaimu Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Utayari wa Majira ya Baridi, Bwana Shem, mpanga mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege na, siku zake za mapumziko, kiongozi. Lilipita kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, na mtu mmoja akajibu, "Amina."

Hiyo Amina haijapoa, umeme ukakatika.

Mwingine angebabaika. Shem alivaa koti la pili akatoa tangazo la pili: "Umeme haujakatika. Umepumzishwa. Wananchi wapuuze uvumi."

"Daddy, it's freezing," alisema binti yake Fiona, aliyejifunga blanketi mpaka puani.

"Huo ndio uvumi wenyewe," akamjibu.

Bahati nzuri sebuleni kwao kulikuwa na moto wa gesi ukutani, nao hauhitaji umeme. Baba wa kawaida angeita familia waote, mambo kwisha. Shem aliunda Idara ya Joto. Alivuta kiti kikubwa mbele ya moto, akakikalia, akatuma kanuni kwenye kundi: joto ni rasilimali ya umma; kila nyumba yenye moto itakuwa na kiti kimoja cha mbele; na aliyekwisha kuketi hataondolewa kwa hali yoyote ile mpaka umeme urudi. Fiona alipangiwa nyuma ya kiti, mahali ambapo joto lilifika kama taarifa tu.

Msimcheke. Mtu huyu alikuwa na jambo lake. Ilisemekana afisa wa ubalozi yuko Houston na anapanda kuja Dallas kuthibitisha wenyeviti, na Shem alikuwa kaimu tangu Fiona akiwa shule ya chekechea. Neno hilo kaimu lilimuuma kuliko baridi yoyote ya Texas. Alitaka liondolewe, azikwe bila hilo.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa mkewe Loice, muuguzi, ametoka zamu na anaendesha gari mwendo wa kinyonga juu ya barafu.

"Baba Fiona, nakuja na mgeni mzito. Amekwama uwanja wa ndege, ndege zote zimefutwa. Andaa kiti."

Mgeni mzito! Shem aliruka. Alifunga tai juu ya sweta mbili, akakung'uta mto wa kiti, akauweka vizuri, akaenda kusimama mlangoni na hotuba mkononi. Mlango ulipofunguka, akainamisha kichwa.

"Mheshimiwa, itifaki zote zikiwa zimezingatiwa..."

Mheshimiwa aliingia na mkoba wake, leso kiunoni juu ya jaketi, theluji kwenye kitambaa cha kichwa. Alikuwa Mama Pelagia, mama mkwe.

Sasa elewa. Kwao Bungoma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, seuze kuota moto mmoja. Muda wote wa ziara yake mama huyu alikaa Arlington kwa binti yake mwingine, salamu zikipita kwa Loice, ingawa kwenye kundi la kanisa alikuwa ameunganishwa. Asubuhi hiyo hiyo Shem alikuwa amemuaga kwa kupunga mkono akiwa nyuma ya nguzo ya maegesho ya uwanja wa ndege, na roho ikamtulia kwelikweli.

Alitoka mbio na hotuba yake, akajitupa chumbani, akabana mlango. Chumba hicho, jamani, kilikuwa friji yenye mapazia.

"Mama Fiona, si umesema mgeni mzito!"

"Kwani mama yangu ni mwepesi?" Loice akamjibu kutoka sebuleni.

Kiti kikalia kwaa. Shem aliujua mlio huo.

"Fiona! Mwambie nyanya yako, kwa heshima zote, hicho ni kiti cha ofisi!"

Nyumba ilikuwa ndogo, kila mtu alisikia kila kitu, lakini desturi ni desturi. Fiona akapeleka ujumbe, akarudi na jibu.

"Kukhu anasema ameona sheria kwa group. Ati mtu akishakaa hatolewi mpaka stima irudi. Anasema ni sheria poa, imeandikwa na mtu ana akili."

Kanuni ilikuwa ya Shem mwenyewe. Akajifunika suti zake zote. Chai iliachwa nje ya mlango, akaipata baridi. Upande wa pili walikuwa wanacheka, na Fiona, alisikia kwa masikio yake, amepewa nafasi pale mbele kabisa. Kwa mara ya kwanza Kaimu Mwenyekiti hakutangaza chochote. Aliomba tu. "Mungu wangu, urudishe. Vidole sivisikii."

Kesho yake mchana taa zikawaka, hita ikakohoa.

"Umerudi!" Shem alipiga kelele. "Fiona! Umeme umerudi! Kiti kiachwe wazi, afisa anaweza kufika wakati wowote!"

Kisha Fiona mlangoni.

"Kukhu anauliza, imerudi kutoka wapi?"

"Kutoka... kutoka ulikokwenda!"

Fiona alienda, akarudi na simu ya nyanya yake.

"Anasema tangazo lako liko hapa. Umeme haujakatika. Kitu hakikuenda, kitarudi aje? So she's staying."

"Na mwambie," sauti ya Mama Pelagia ikapita juu ya kichwa cha mjukuu, ikielekezwa ukutani kama desturi inavyotaka, "mwenye kiti ni mimi. Yeye ni kaimu."

Alasiri hiyo kundi la kanisa lilipokea tangazo fupi kuliko yote katika historia ya Kamati: "Umeme ulikatika. Nilidanganya. Naona baridi. Shem, Kaimu."

Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Pelagia, kutoka kitini: "Amina."