Tafakuri ya Ijumaa, Iliyoandikwa Jumanne

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha walimu. Mwalimu Mkuu katugawia kila mtu daftari la tafakuri. Kila siku baada ya kipindi tuandike kilichotokea darasani, tulichojifunza na tutakachobadilisha. Atayakusanya Ijumaa. Halafu akadokeza, kama hataki vile, kwamba mwalimu wa taaluma anastaafu, na madaftari ndiyo yatakayoonyesha nani arithi ofisi yake.

Ofisi! Ina mlango. Ina feni. Mimi miaka kumi na miwili nimekaa mlangoni pa chumba cha walimu, kila anayeingia anagonga kiti changu na kuniambia pole. Nimechoka na pole zao. Ofisi hiyo naitaka mpaka naumwa.

Mwalimu wa Hisabati alianza kuandika kabla kikao hakijaisha. Kimbelembele!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo. Kwa nini nisubiri wiki iishe? Mzoefu kama mimi anajua somo la Jiografia litakavyokwenda. Nimekaa mezani nyumbani, nikaandika tafakuri zote hadi Ijumaa. Alhamisi imetoka safi sana: nimeleta tufe darasani, wanafunzi wameshangilia, mmoja katokwa na machozi ya furaha. Ya Ijumaa imenigusa hata mimi.

Mama watoto alikuwa anapiga pasi. Akauliza nimejifunzaje jambo la Alhamisi na leo ni Jumanne. Nikamwambia huo ndio uzoefu. Alicheka mpaka akaunguza kola ya shati langu.

Jumatano, 5 Machi
Somo la upepo. Msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake humwita Kwa Nini, kauliza upepo ukishapita hapa huwa unaishia wapi. Nikamwambia akae, hilo ni la muhula ujao. Akasema hata muhula uliopita nilisema hivyo. Darasa likaangua kicheko.

Swali zuri. Jibu silijui. Ningeliandika, lakini ukurasa wa leo kwenye daftari la tafakuri umeshajaa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Madaftari yamekusanywa leo, asubuhi na mapema. Nikamkimbilia Mwalimu Mkuu ofisini, nikasema nimesahau kadi ya kliniki ya mtoto ndani ya daftari langu. Akasema nisihangaike, ataitafuta mwenyewe.

Basi, ikabidi Alhamisi iwe ya kweli. Tufe la stoo limebaki kishikio tu. Nikachukua mpira wa miguu, nikachora mabara kwa chaki. Wanafunzi walishangilia, maana walidhani tunatoka kucheza. Machozi ndiyo yakagoma. Nikawaomba. Nikawasihi. Mwishowe Kwa Nini akamfinya jirani yake, naye akalia vizuri kabisa. Binti huyu atafika mbali.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu Mkuu kaingia darasani bila hodi, daftari langu mkononi, akaketi nyuma. Akasema amesoma kwamba leo angetutembelea na kutoka akitabasamu, kwa hiyo ameona asikose.

Kisha Kwa Nini akanyoosha kidole, akauliza daftari lilijuaje.

Mwalimu Mkuu alitoka akicheka, nikamsikia hadi mwisho wa korido. Kwa hiyo sikukosea sana! Lakini ofisi kapewa Hisabati. Mchana nimesikia feni ikiwashwa. Imeniuma, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Bado kuna tumaini. Jana jioni Mwalimu Mkuu alinipa daftari jipya. Wiki mbili, ukweli mtupu, siku kwa siku. Nikifanya vizuri, nitahamia kiti cha dirishani alichoacha Hisabati. Nimemshukuru kwa mikono miwili, nikamwambia nimejifunza, tena sana.

Nimeliinamia daftari tangu asubuhi. Nimemaliza wiki zote mbili. Safari hii nimetumia akili: nimetia na makosa, ili lionekane la kweli. Kosa la kwanza nitalifanya Jumanne.