Oili ya Shangazi na Kadi za Profesa

Profesa hakuwahi kufundisha hata kuku kuingia bandani. Jina hilo alipewa kwa ajili ya miwani, na miwani yenyewe ilikuwa vioo vitupu. Aliinunua alipogundua kwamba mtu mwenye miwani haulizwi maswali mengi. Wakati mambo haya yanatokea alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni kwa dada yake, na mume wa dada alikuwa ameanza kuficha kopo la sukari kila anapokwenda kazini.

Siku hiyo aliingia kwenye maonyesho ya chuo kwa sababu ya chai ya bure. Alikuwa na kikombe cha pili mkononi alipoona watu wamejazana mbele ya meza moja. Nyuma ya meza alisimama mtafiti, mama mmoja aliyekaukwa na sauti kwa kueleza jambo lilelile tangu asubuhi. Alishika kadi nyeupe, ndogo kama ya mwaliko, yenye nukta thelathini na sita, sita kwa sita, kama mbegu kwenye kitalu.

"Kila nukta ina kemikali tuliyoitengeneza wenyewe," alisema. "Ichukulie kama kufuli. Kitu kilicho ufunguo wake kikiwemo kwenye kimiminika, kinaingia kwenye tundu, na nukta inabadilika rangi. Nukta moja inaweza kukosea. Lakini zote kwa pamoja zinatoa sura, na kila kimiminika kina sura yake. Unailinganisha na sura ya kitu unachokijua, basi, umemkamata mwongo."

Akadondosha maziwa kwenye kadi moja, na maziwa yaliyotiwa maji kwenye nyingine. Nukta zikaiva: huku nyekundu na njano, kule buluu na kijivu. Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja.

Wote walitazama kadi. Profesa alitazama nyuso. Hapo walikuwepo watu wanaobishana na daktari, na wake zao, na refa wa mpira. Wote wamenyamazishwa na rangi! Moyo wake ukaruka. Mtafiti alipoinama kunywa maji, boksi moja la kadi liliiaga meza likiwa ndani ya koti. Wanaojua sheria watauita huo wizi. Profesa aliuita ufadhili wa masomo.

Maziwa aliyaacha, maana yanachacha na hayana subira. Alichagua oili ya injini. Kila mwenye gari mjini alikuwa na kisa cha injini iliyouawa na oili feki, na hofu iliyokwisha kuota ni shamba lililokwisha kulimwa. Akatafuta sanduku la bati, akalitia taa mbili na saa ya jikoni ya kuchemshia mayai, akatoboa mwanya wa kadi. Ukidondosha oili, unachomeka kadi, unasubiri kwa uso wa msiba. Saa ikilia "tiii!", taa nyekundu inawaka. Ya kijani ilikuwepo kwa heshima tu; hakuiunganisha na waya.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Aliingia duka lenye oili nzuri, akaipima bure, akaihukumu kuwa feki. Mwenye duka akishaloa jasho, Profesa anainamisha kichwa: "Ndugu yangu, najua tanuri moja la matofali. Wao wanachoma chochote. Siwezi kukuacha uaibike, naichukua kwa robo bei." Kisha oili hiyohiyo safi aliipeleka yadi ya kampuni ya mabasi, akamuuzia fundi mkuu kwa bei kamili. Wenye maduka wawili walikwisha kumshukuru kwa machozi. Mmoja alimpa na soda.

Wa tatu alikuwa Shangazi.

Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wanaomzidi umri. Alikuwa mjane mwenye mikono mipana, na duka lake la oili lilikuwa na jina zuri kuliko yote mjini. Profesa alilitaka hasa kwa sababu hiyo: kwa Shangazi huwezi kukuta oili mbaya.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Nasikia una mashine inayoonja."

"Inaonja, haimezi," alisema Profesa, akafungua sanduku.

Tiii! Nyekundu. Profesa akavua miwani, akaifuta taratibu kama mtu anayetafuta maneno ya kumwambia mfiwa. "Pole sana, mama yangu."

Shangazi akajishika kiuno. "Na hii niliyoiweka mbele ndiyo naiamini! Hebu nipimie na ya stoo."

Akaleta kikombe kingine. Tiii! Nyekundu tena. Profesa akatupa kadi zote mbili juu ya kaunta bila kuzitazama. Shangazi akaziokota, akazipeleka dirishani penye mwanga, akaziweka ubavu kwa ubavu.

"Profesa, mbona hii ya mbele ina zambarau safu nzima, na hii ya stoo ina kijani?"

"Uongo una rangi nyingi, mama."

"Kwa hiyo zote mbovu?"

"Zote. Sawasawa."

"Ahaa," alisema Shangazi. "Hii ya mbele ni kidogo, nitajua pa kuimwaga. Kilio changu ni cha stoo. Huko nina mapipa kumi na mawili."

Kumi na mawili! Profesa alilazimika kukohoa ili asicheke. Akaeleza habari za tanuri la matofali. Shangazi akasikiliza, akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akataka nusu bei. Wakavutana. Mwisho wakakutana kwenye theluthi.

"Lakini na kadi uniachie," Shangazi aliongeza. "Zote. Nisije nikatapeliwa tena, mimi ni mwanamke peke yangu."

Profesa alijifanya anasitasita. Moyoni hakuona hasara yoyote. Kadi ni kadi, hata karatasi iliyopakwa rangi za watoto ingefanya kazi ileile. Akamkabidhi boksi kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi. Siku mbili baadaye alirudi na lori la kukodi, na fedha zote alizochuma kwa wale wawili wa kwanza. Alikuwa amekwisha kuona chumba chenye dirisha linalotazama barabara, amekwisha kumwambia dada yake kwamba Jumapili anahama, na mume wa dada alifurahi hadi akaliacha kopo la sukari mezani. Shangazi aliyaangalia mapipa yakipandishwa, akampungia mkono hadi lori lilipokata kona.

Katika yadi ya mabasi fundi mkuu alikuwa chini ya basi, miguu tu inaonekana. Alitoka, akajipangusa mikono, akampokea Profesa kwa kicheko.

"Karibu mkubwa! Oili yako ya juzi na ya majuzi ilikuwa nzuri sana."

"Na hii ni dada yake," alisema Profesa, akipigapiga pipa. "Ileile."

"Sina wasiwasi. Ila siku hizi tumepata utaratibu mdogo." Fundi akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kadi nyeupe yenye nukta thelathini na sita.

Profesa aliondoa mkono wake juu ya pipa.

Fundi alidondosha tone. Hakukuwa na sanduku, taa wala saa ya mayai. Nukta ziliiva polepole, kisha akatoa kadi mbili nyingine zilizokwisha kutumika, akazipanga pembeni. "Hii ni sura ya oili safi. Hii ni ya oili chafu, ile inayomwagwa na magereji, ikachujwa na kung'arishwa na kutiwa kwenye pipa jipya. Sasa tazama ya kwako. Inafanana na ipi?"

Hata kipofu angeona. Kijani safu nzima.

"Kadi hizo haziaminiki!" Profesa alipiga kelele, na mafundi wengine wakaacha spana zao. "Ni karatasi tu! Zinasema chochote!"

"Ajabu," alisema fundi mkuu. "Nimeambiwa ni wewe uliyezunguka mjini ukiapa kwamba hazikosei. Toa mapipa yako yadini, mkubwa. Na dada yangu anakusalimu."

"Dada yako yupi?"

"Mwenye duka la oili. Watu wanamwita Shangazi."

Profesa alimwamuru dereva wa lori asubiri, akaenda kwa miguu, mbio nusu, mwendo nusu. Dukani alikuta foleni ya madereva wenye vichupa mkononi, na Shangazi akiwapimia dirishani.

"Shangazi! Umeniuzia oili mbovu!"

Foleni ikageuka. Shangazi hakuinua kichwa. "Nani kasema ni mbovu?"

"Kadi!"

"Kadi ilisema tangu siku ile, nawe ulikuwepo. Uliniambia ni mbovu, nikakuuzia kwa bei ya mbovu, ukaniaga kwa furaha. Leo unanilaumu kwa kuwa ulisema kweli?"

Mtu mmoja kwenye foleni akaangua kicheko, na kicheko kikatembea hadi nje.

"Mapipa hayo niliuziwa mwaka jana na tapeli mwenzako," aliendelea Shangazi kwa upole. "Sikuwa na moyo wa kumuuzia mwenye gari. Mungu akaleta mwenye tanuri. Fedha zako nimewagawia majirani wawili uliotangulia kuwaonea huruma. Kilichobaki ni kodi ya stoo, mwaka mzima."

Profesa akavaa vizuri miwani yake ya vioo vitupu, akageuka kwenda.

"Taratibu hapo mlangoni, baba," Shangazi alimwita. "Kuna oili imemwagika, utateleza."

Akachungulia kadi iliyokuwa mkononi mwake. "Nzuri hiyo. Nimeipima."