Magongo ya Mzee Fidèle

Jamani, leo nimeaibika. Na si nyumbani, wala kanisani ambako mmeshanizoea. Nimeaibika ofisini, mbele ya serikali ya watu, mchana kweupe.

Nianze mwanzo ili mnihukumu kwa haki.

Goti langu mnalijua. Kwa wasiojua: nilikuwa nasafisha ndege kule Märsta, hapa Sweden, nikateleza kwenye ngazi, na goti halijawahi kurudi kazini tangu siku hiyo. Huu ni mwaka wa sita napokea mafao ya ulemavu. Kusimama sana siwezi, kuinama siwezi, na ngazi ni adui yangu. Lakini natembea. Polepole, nikiyumba kidogo, ila natembea. (Shikeni hapo, mtapahitaji.)

Mwezi uliopita ikaja barua. Ofisi ya mafao inafanya jaribio. Wamechagua watu kadhaa kama mimi, wanataka kuona: mtu akiruhusiwa kufanya kazi masaa machache kwa wiki bila kukatwa mafao yake, je, atatoka nyumbani? Na kazi yenyewe ilikuwa karakana moja hapahapa Jakobsberg, wanapokarabati nguo kuukuu. Kushona! Umekaa! Nilisoma ile barua nikalia. Miaka sita mtu ninayeongea naye sana ni mashine ya kufulia. Kazi ile niliitaka mpaka nikaiota.

Kosa langu ni kumwonyesha barua Mama Divine.

Mama Divine ni rafiki yangu wa kanisani, mtu wa Bukavu, na hakuna jambo la ofisi za Sweden asilolijua. (Kwa kusikia.)

"Ma chère, ule ni mutego," akasema bila hata kumaliza kusoma. "Nani atakupa kazi na mafao pamoja? Wanatafuta wenye walishapona! Ukiingia mule na miguu yako sawa vile, wanakata yote. Uende na magongo."

"Sina magongo."

"Mzee Fidèle iko nayo."

Sasa, Mzee Fidèle wa Södertälje mnamjua. Akisimama kanisani, walio nyuma yake wanamsikia mchungaji tu, hawamwoni. Mimi nikikaa kwenye benchi hilohilo miguu haifiki chini. Kwa hiyo nilipoyafuata magongo kwake na kuyashika, mabega yalipanda mpaka masikioni. Nikafanya mazoezi sebuleni. Mume wangu akaacha kunywa chai.

"Mama Kelia, unaenda ofisini au unaruka ukuta?"

Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya serikali.

Basi leo saa nne nikaingia ofisini nikining'inia kwenye magongo ya watu. Mama Divine alinisindikiza, akabaki kwenye viti vya kusubiri, akafumba macho akaanza kuniombea kwa sauti. Wenzake wa pale wakahama viti.

Nilipokelewa na afisa anayeitwa Gunilla. Mama mtu mzima, nywele nyeupe zote, mwembamba, mpole kabisa. Mezani kwake kulikuwa na cherehani ya chuma, zile za zamani.

"Hii nimeiazima karakana," akasema akitabasamu. "Nilitaka uijaribu kidogo, tuone umekaaje nayo."

Nikaitazama ile cherehani. Vidole vikaanza kuwasha! Lakini nikakumbuka mtego.

"Unaweza kukaa kitini kwa muda gani?" akauliza.

"Dakika tano," nikajibu kwa sauti ya mgonjwa. (Wiki iliyopita nilikaa kwenye treni zaidi ya hapo, nikienda kuchukua magongo.)

"Na mikono?"

"Inauma."

"Mikono pia? Hapa kwenye faili kuna goti tu."

"Maumivu yamepanda," nikasema.

Gunilla akaandika. Uso wake ukaanza kubadilika, na si kubadilika nilikokutarajia. Hakuwa na shaka. Alikuwa na huzuni! Akaweka kalamu chini.

"Basi samahani sana," akasema. "Sikujua hali ni mbaya kiasi hiki. Jaribio letu ni la watu wanaoweza kufanya kazi kidogo. Nafasi hii nitampa mwingine, wewe upumzike. Mafao yako hayana shida, usiogope."

Jamani! Nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Kumbe mtego haukuwepo. Mtego nilikuwa nimeuazima Södertälje, nikaingia nao mwenyewe! Ungesema nini? Kwamba magongo si yangu?

Na hapo ndipo Gunilla akainuka, akakumbatia ile cherehani, akainyanyua ili airudishe. Mama wa nywele nyeupe. Anahema. Magoti yanatetemeka. Mbele yangu mimi, niliyekaa.

Ndugu zangu, mimi nimelelewa na bibi yangu Bujumbura. Kwa bibi yangu, mtu mzima hapiti mbele yako na mzigo wewe ukiwa umekaa. Ukijaribu, hata chakula cha jioni hukioni. Mwili wangu haukuniuliza chochote.

"Lete mama, lete nikupokee!" nikapiga kelele kwa Kiswahili, na tayari nilikuwa nimesimama, tayari nimemnyang'anya cherehani, tayari niko mlangoni. Gongo moja lilianguka chini. La pili lilibaki limening'inia kwenye mkono, likawa linagonga kila mlango wa korido. Ko! Ko! Ko! Watu wakatoka maofisini kuangalia nani anabisha hodi.

Nikapita kwenye viti vya kusubiri. Mama Divine akafumbua macho. Akaniona nikikata mbuga na cherehani kifuani.

"Alléluia!" akapiga yowe. "Amepona!"

Wote wakageuka. Mlinzi akasimama. Na mimi, badala ya kuanguka nizimie kama mtu mwenye akili, nikamgeukia Gunilla aliyekuwa ananikimbilia nyuma, nikamuuliza kwa Kiswidi na kwa heshima zote:

"Niiweke wapi?"

Gunilla alikuwa na lile gongo jingine mkononi na faili langu kwapani. Akalitazama. Akanitazama. Nikatamani sakafu ipasuke.

"Na hili?" akauliza, akilinyanyua.

"Ni la Mzee Fidèle," nikasema. Kisha nikayasema yote, pale pale koridoni, cherehani ikiwa bado kifuani: mafao, mtego, Mama Divine, goti, mashine ya kufulia. Nikasema naitaka kazi ile sana na niliogopa. Machozi yakanitoka, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Gunilla akacheka. Si kidogo. Alikaa chini kwenye kiti cha kusubiri, karibu na Mama Divine, akacheka mpaka akavua miwani. Alipopata pumzi akafungua faili langu, na nikamwona anaandika: Anabeba mizigo ya wengine bila kuombwa. Lazima azuiwe.

Naanza Jumatatu. Asubuhi mbili kwa wiki, nimekaa.

Mngedhani aibu imeishia hapo. Hapana. Nilipoiweka ile cherehani chini, goti nalo likakata tamaa. Likavimba kwelikweli! Nikashindwa kupiga hatua. Ikabidi nirudi nyumbani kwa magongo, safari hii bila kuigiza, mabega masikioni, watu wote wananitazama. Gunilla akanionea huruma, akainama, akabonyeza kitufe kidogo pembeni, na magongo yakafupika mpaka kimo changu. Kumbe yanafupika. Wiki nzima nimening'inia bure!

Sasa nimelala, barafu kwenye goti. Mama Divine yuko jikoni, anawapigia simu watu wa kanisa kuwaeleza muujiza. Naomba msicheke. Atakayecheka ajue ninayo magongo mawili hapa kitandani, na sasa najua namna ya kuyarefusha.