Plagi ya Mwisho katika Ukumbi wa Mazoezi

Jumatatu, 3 Juni

Jengo letu limefunguliwa. Naandika "letu" kwa mazoea tu; sikuwahi kulimiliki. Lilikuwa kituo cha kuunganisha simu, nami nilikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mwenye kiti kando ya dirisha, mto wa kuegemea na mamlaka. Baadaye mitambo ikaanza kuunganisha simu yenyewe, bila hata kusema "subiri kidogo", nasi tukarudishwa majumbani. Jengo likawa ghala la magodoro, kisha halikuwa kitu. Leo kuna bango: ukumbi wa mazoezi, wanawake pekee, mashine zimepangwa duara. Wiki ya kwanza ni ya majaribio, bila malipo.

Daktari amekwisha kuniambia kwamba magoti yangu yanahitaji kazi. Swali, basi, ni la kitaalamu: je, kuna faida kujiunga? Nitautathmini ukumbi kwa wiki hii bila upendeleo, kisha nitatoa uamuzi. Hisia hazitahusika.

Nilimweleza wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye. Akauliza kama nakwenda kwa ajili ya magoti au kwa ajili ya kile kiti. Nilimwambia ni magoti. Ndipo akaongeza, huku akikunja shuka polepole kuliko ilivyo lazima, kwamba Laini Tatu huenda huko kila asubuhi.

Laini Tatu! Tulikaa bega kwa bega miaka yote ile, yeye akihudumia laini ya tatu kwa sauti ambayo wateja walipiga simu makusudi ili waisikie. Siku ya kufunga kituo ilikubaliwa kwamba plagi ya mwisho ya kuunganishia simu itachomolewa na msimamizi. Nilikwenda kuchukua mtandio ili nipigwe picha nikiwa nadhifu. Niliporudi, plagi ilikuwa mkononi mwake na mpiga picha alikuwa akifunga mkoba wake. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Jambo hili halina uzito wowote katika tathmini. Nitakwenda jioni.

Jumanne, 4 Juni

Tathmini imeanza vibaya.

Sakafu bado ina matundu ya skrubu mahali mitambo iliposimama. Msumari wa saa ya ukutani upo, saa haipo. Harufu ni ileile, ya vumbi lililopata joto na dawa ya kung'arishia mbao. Nilisimama mlangoni kwa muda. Mkufunzi, binti mwenye filimbi shingoni ambaye humwita kila mwanamke "mrembo", aliniuliza kama nahisi kizunguzungu. Nikamwambia nakagua sakafu.

Utaratibu ni huu. Kila mwanamke hukaa kwenye mashine. Spika hupiga muziki, kisha sauti ndani yake husema "Badilisha!" na kila mtu huhamia mashine ya mbele. Nilipewa ile ya kusukuma kwa miguu. Spika ikasema badilisha. Sikuinuka.

Haikuwa ukaidi. Kituoni, hakuna opereta aliyeacha kiti mpaka mwenzake wa zamu amguse begani na kusema "Nimepokea." Ndipo unajibu "Nakuachia", unainuka. Laini haikuachwa peke yake hata kwa kufumba na kufumbua. Basi nilisubiri kuguswa. Fundi cherehani aliyekuwa nyuma yangu alisimama akinitazama. Wa nyuma yake akamgonga. Duara zima likaziba kama bomba la sinki. Nilieleza sababu, kwa kirefu, pamoja na historia yake. Fundi cherehani alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: "Shuka tu, mama. Hakuna mteja anayesubiri hapa. Ni mimi."

Alama za ukumbi hadi sasa: chini ya wastani.

Jumatano, 5 Juni

Mwili wote unauma, pamoja na sehemu ambazo sikujua kuwa ninazo. Sikwenda popote.

Wifi alinikanda mgongo huku akinipa habari ambazo sikuziomba. Amekutana na Laini Tatu sokoni. Laini Tatu ameuliza magoti yangu yanaendeleaje. Niliuliza, kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu, ameuliza kwa sauti ya namna gani. Wifi akasema kwa sauti ya mtu anayeulizia magoti. Nilimwomba afikiri tena. Akabonyeza mgongo kwa nguvu zaidi.

Nimeamua kuhamia asubuhi. Haihusiani na mtu yeyote. Hewa ya asubuhi ni nyepesi. Nimepiga pasi mtandio, ule wa siku ile. Wifi alitaka kujua mtandio wa hariri unafanya nini kwenye mazoezi. Nikasema ni wa kufutia jasho. Alitoka chumbani, nami nikamsikia akichekea jikoni, peke yake, kwa muda mrefu.

Alhamisi, 6 Juni

Nilifika kabla ya mkufunzi. Laini Tatu hakutokea! Mkufunzi akanieleza kwamba yule bibi mwenye sauti nzuri ameomba kuhamia jioni tangu jana. Sababu aliyotoa ni hewa. Ya jioni, amesema, ni tulivu.

Nimelipima jambo hili kwa utaratibu. Nilimpigia wifi simu, naye akakiri kwamba ndiye aliyemwambia kuwa mimi huenda jioni. Kama Laini Tatu alitaka kunikwepa, asubuhi alikuwa salama kabisa. Ameacha mahali nisipokuwapo, akahamia mahali nilipokuwapo. Mtu anayekimbia hakimbilii huko. Niliirudia hoja hii mara kadhaa, nikitafuta kasoro. Haina. Nilijikuta nikitabasamu mbele ya mashine ya kuvuta mikono, na mkufunzi akanipongeza kwa kupenda zoezi.

Hila ya leo: kubaki ukumbini mpaka jioni ili kukutana kwetu kuonekane ni kwa bahati. Nilijificha katika chumba cha kubadilishia nguo, ambacho zamani kilikuwa chumba cha betri. Nilitundika mtandio kwenye msumari, nikajinyoosha kwenye benchi ili nifikirie namna ya kushangaa nitakapomwona.

Niliamshwa na mkufunzi aliyekuwa akipiga deki. Wanawake wa jioni walikuwa wameshaondoka. Mtandio haukuwa kwenye msumari. Nilikuwa nimefunikwa nao, mabega mpaka magoti. Nikamuuliza binti kama ndiye aliyenifunika. Akasema si yeye.

Sina maelezo mengine ya kuandika leo.

Ijumaa, 7 Juni

Nilikwenda jioni, wazi wazi, kupitia mlangoni.

Alikuwapo. Amepungua mwili, na nywele zimekuwa nyeupe kwa namna inayompendeza, jambo ambalo si haki. Hatukusalimiana. Mkufunzi, asiyejua lolote, akampanga kwenye mashine ya nyuma yangu. Muziki ukapigwa. Nilisukuma kwa miguu nikiutazama ukuta. Spika ikasema badilisha, nami, naapa kwa mazoea tu, sikuinuka. Nilimsikia fundi cherehani akishusha pumzi.

Kisha vidole viwili begani, kama tulivyofundishwa.

"Nimepokea," alisema.

Sauti haijazeeka hata kidogo. Kwa sauti hiyo niliona mitambo yote imerudi mahali pake, taa ndogo zikiwaka na kuzimika, nyaya zikipishana, mabega ya wasichana wote wa zamu ya mchana.

"Nakuachia," nikasema, nikahamia mashine ya mbele.

Tukaenda hivyo duara zima. Kufikia mwisho, fundi cherehani naye alikuwa akimgusa wa mbele yake na kumwambia nimepokea, na mkufunzi akauliza kama hili ni zoezi jipya la mabega.

Baadaye tulikaa kwenye ngazi za nje, tukawakumbuka wateja. Bwana aliyepiga kila siku kuuliza saa, nasi tukijua kwamba saa anayo. Mama aliyeogopa kuzungumza na mwanawe mpaka tumhakikishie kwamba laini imetulia. Laini Tatu alisema bado husikia mvumo ule wa laini sikioni akikaa mahali pa kimya. Nilimwambia nami pia. Kisha akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje, na nililazimika kukubali kwamba wifi alikuwa sahihi: ni sauti ya mtu anayeulizia magoti. Ila ni nzuri sana.

Hakuna aliyetaja plagi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya mwisho ya majaribio. Uamuzi ulikuwa tayari kichwani: kuna faida kujiunga. Nilikusudia kuutangaza baada ya mazoezi, kwa maneno machache.

Muda wa kufunga ulipofika, mkufunzi aliomba mmoja wetu achomoe plagi ya spika. Plagi hiyo iko kando ya dirisha langu. Ukuta uleule! Laini Tatu alinitazama, macho yakametameta. Akasema nisubiri kwanza, anakwenda kuniletea mtandio, ili nionekane nadhifu.

Sentensi hiyo naifahamu. Mtandio, unadhifu, kuchelewa. Mtu makini haibiwi mara mbili kwa hila moja. Mara alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, nikachomoa.

Sikujua kwamba plagi ile inabeba pia taa zote na feni. Giza likaingia, fundi cherehani akanasa kwenye mashine ya mapaja na kutoa maneno mazito kuhusu simu, waliozivumbua na waliowahi kuziunganisha. Mlango ulipofunguliwa ili mwanga uingie, Laini Tatu alikuwa amesimama mbele yangu. Mkono mmoja alishika mtandio wangu. Mwingine alishika simu yake, kamera ikiwa tayari imeelekezwa dirishani, mahali ambapo ningesimama.

Alinivika mtandio mabegani, akaurekebisha upande wa kushoto, akaondoka.

Nimelitafakari tukio hili kwa utulivu. Hakuna picha, kwa hiyo kihalali plagi bado haijachomolewa, na itabidi lirudiwe. Uamuzi kuhusu ukumbi unaahirishwa. Tathmini inahitaji wiki nyingine ya majaribio. Wifi hajatumia yake. Nitajiandikisha kwa jina lake.

Wifi amerudi sasa hivi na habari. Laini Tatu amesema kuanzia Jumatatu atakwenda asubuhi.

Mimi nitakwenda jioni; wiki hii pia alianza na asubuhi, akanifuata huko. Hewa ya jioni ni tulivu. Mtandio nimekwisha kuupiga pasi.