Hotuba ya Kuzindua Darubini ya Kusoma Mawe ya Mirihi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniachia heshima zake zote. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji, Kamati Ndogo na Kamati ya Kusimamia Kamati. Wazee, walimu, majirani wa mtaa huu, na kwa namna ya pekee mama mkwe wangu aliyeketi pale mbele: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, kama Mkurugenzi wa Taasisi ya Mwanga wa Sayari, ninazindua rasmi mradi mkakati wa kuyatambua madini ya uso wa Mirihi pasipo kwenda huko, kwa kutumia mwanga wa jua unaogonga mawe yake na kuturudia. Maana kila jiwe, ndugu zangu, hula rangi fulani na kutema nyingine, kama mgeni mezani: ukitazama alichobakiza kwenye sahani utajua ni nani alikaa pale. Darubini huuchambua mwanga ule rangi kwa rangi, na rangi iliyopungua ndiyo inayotuambia hapa pana chuma chenye kutu, pale pana udongo uliowahi kulowa maji. (Mwalimu wa fizikia: "Hapo umesema.") Asante, mwalimu, ulinieleza vizuri asubuhi.

Upembuzi yakinifu umefanyika, semina elekezi zimefanyika ng'ambo, mimi binafsi nikiongoza msafara, na utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane, zilizosalia zikiwa ni masuala madogo madogo ya vifaa. (Minong'ono.)

Nisiwe mwizi wa fadhila. Mama mkwe ndiye aliyetutolea paa la nyumba yake, akang'oa kamba za nguo, akawa anaanika mashuka kwenye ngazi, na wapangaji wake wakapita wakidondokewa maji kisogoni bila kununa, wote wakingoja kuiona Mirihi. (Vigelegele.) Naona mama ananyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti.

("Mkwe wangu, hongera, umesema vizuri. Ila mvua zimekaribia na ngazini hakuna upepo. Hiyo darubini inakuja lini, nijue pa kuanika?" Kicheko.)

Swali la kimkakati, mama; wala usisimame, magoti hayo. Kwa mujibu wa mpangokazi, suala la darubini limo katika mchakato wa kuanza kuchakatwa.

("Kwa hiyo nianike, nisianike?")

Nimeshauriana na nafsi yangu hapa hapa jukwaani, na kwa mamlaka niliyonayo naagiza: anika, mama. Paa zima, kona hadi kona, hutamzuia mtu. Jumamosi nitakuja mwenyewe kuzifunga kamba, wala sitakuja na kamati. (Makofi marefu. Mama mkwe anacheka hadi anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.)

Nikisema "Mwanga", itikieni "Unarudi"; nikisema "Mirihi", itikieni "Tutaisoma". Mwanga. (Unarudi.) Mirihi. (Tutaisoma.)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati fundi rangi aliyetuchorea kile kibao cha bluu pale mlangoni, maana bila yeye leo tusingekuwa na kitu chochote cha kuzindua.