Nyota Tatu za Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Posa imekataliwa. Baba wa mchumba wangu, sajini mstaafu, hajawahi hata kuniona. Amesikia tu kwamba mimi ni dobi, akamwambia shangazi yangu kwamba binti yake haolewi na mfua soksi za watu. Mfua soksi! Mimi ninayenyoosha sare za maofisa! Nampenda yule msichana jamani. Hata chakula hakipiti.

Jumanne, 4 Machi
Wazo. Sare ya kapteni imo dukani, mwenyewe yuko likizo hadi Jumamosi. Nimeijaribu. Suruali ndefu kidogo, mabega sawasawa. Mchumba amesema nina wazimu, kujifanya ofisa ni jela moja kwa moja. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwa baba mkwe na sare. Nilianza vizuri. Mzee alinipigia saluti, akaniita afande. Nikajiona mkwe tayari. Kisha akatoa koti lake la zamani la gwaride anionyeshe. Mikunjo miwili kwenye mkono mmoja! Nilivumilia, nikashindwa, nikaomba pasi. Nikajaza maji mdomoni, nikayapuliza juu ya koti, nikanyoosha hadi kola ikasimama. Kuinua macho, mzee ananitazama tu. Akasema miaka thelathini jeshini hajaona kapteni wa kupuliza maji hivyo. Akauliza duka langu liko wapi. Nikamwambia! Akanisimamisha wima, akanisomea sheria ya kijeshi juu ya wanaojipa vyeo, pamoja na kifungo chake. Akaniamuru niivue sare palepale. Nimerudi nimejifunga shuka lake, sare kwenye mfuko. Kwisha habari yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Kila anayepita mlangoni nadhani ni polisi wa jeshi. Nimeunguza shati la mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee amekuja dukani mwenyewe. Amesema kesho nimweleze kapteni ukweli kwa mdomo wangu, la sivyo atamweleza yeye. Kuhusu posa, amesema kapteni wa kweli angekuja kuposa yeye angemkataa kabisa, makapteni anawajua. Lakini mtu anayesahau jela kwa ajili ya koti la mzee, huyo atamtunza binti yake. Nimelia mbele ya wateja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesema kweli. Kapteni amefoka, kisha amenipa sare za kombania nzima nifue kama adhabu. Nimeapa sitagusa tena cheo cha mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Ofisi ya ndoa inataka tusubiri siku ishirini na moja. Karani hasikii la mtu. Mchana limeletwa joho la hakimu kufuliwa. Mzee alisoma sheria ya jeshi, mahakama hakuitaja. Nimelijaribu. Halihitaji hata kupunguzwa.